Blanketi la Sufiani

Nilikwenda Mahege siku tatu kumtazama dada yangu anayeumwa miguu. Niliporudi Kibiti, nikakuta blanketi langu limevaliwa na samaki.

Mwanangu Abdulatifu ana tangi la kioo pale sebuleni, chini ya dirisha, refu kama sanduku la bibi harusi, na ndani yake mna visamaki kumi na viwili vya rangi, kila kimoja saizi ya kidole gumba. Kwa mboga havifai. Kazi yao kwenda huku na kurudi. Anasema ni wa nchi za joto, baridi hii ya kipupwe itawaua, kwa hiyo amewatumbukizia hita, kijiti cha umeme cha kuwapashia maji kutwa kucha. Tangu kijiti hicho kiingie, mita yetu ya Luku inalia kama mtoto wa kuachishwa ziwa.

"Mama, nimepata njia ya kubana umeme," akaniambia kabla sijavua viatu. "Ukilivika tangi nguo, joto halitoki. Hita inapumzika."

"Umelivika nini?"

Niliuliza bure. Nilikuwa naliona. Blanketi jekundu lenye mistari myeusi, alilonunua marehemu baba yake, Sufiani, mwaka alipouza pamba yake ya kwanza. Nimelea watoto sita ndani ya blanketi lile, na huyu wa mwisho ndiye aliyelikojolea kuliko wote. Sasa limezungushwa kwenye tangi pande tatu, limekazwa kwa kamba ya manila, na pindo lake limelowa.

"Na mimi nijifunike nini? Maji?"

"Mama nawe! Shuka zimo kabatini. Tena hilo kubwa mno, linaburura. Kesho Jumamosi nitalikata lipate saizi."

Kulikata! Damu ilinipanda mpaka masikioni. Ningelifungua palepale, lakini namjua mwanangu: kisamaki kimoja kingegeuza tumbo juu, hata kwa kuvimbiwa, ningeitwa muuaji. Na kuomba sikutaka. Nimwombe niliyemzaa blanketi langu mwenyewe?

Nikajitanda kanga, nikaenda kwa Mwamvua. Yeye Mmatumbi, mimi Mndengereko, na sisi ni watani tangu kwa babu zetu. Mtani akikutukana, unacheka. Akija msibani kwako akanyakua kitu, hakirudi mpaka mkikomboe, na anayekasirika ndiye anayeaibika. Nikamweleza yote.

"Lile la Sufiani?" akauliza.

"Hilohilo! Anataka kulitia mkasi!"

"Nyie Wandengereko mmekula samaki mpaka wamekuja kudai mavazi." Akacheka hadi akashika ukuta. Mimi sikucheka. "Nenda kalale," akasema. "Kesho nina msiba."

Asubuhi, Abdulatifu keshashika mkasi, Mwamvua akaingia bila hodi, kanga kichwani, analia kwa sauti ya kuamsha mtaa.

"Uwiii! Wandengereko wamefiwa wasiniambie! Jeneza hili hapa, limefunikwa!"

"Bi Mwamvua, hilo ni tangi la samaki."

"Mmemzika majini? Masikini, hata mchanga mmemnyima!"

Akapiga magoti, akafungua kamba fundo moja moja, machozi yanamtoka, sijui aliyatoa wapi. Akalikunja blanketi, akalikalia.

"Haya, likomboeni."

"Samaki wangu watakufa!"

"Kwani hawajafa? Basi mimi nimelia bure?"

Abdulatifu akavimba mashavu. Alitaka kufoka, lakini amfokee mtani, asemwe mpaka stendi? Akaweka mkasi mezani.

"Unataka nini?"

"Blanketi lirudi kwa mjane wa Sufiani. Zima, na pindo lake."

Abdulatifu akanigeukia mimi. "Haya, chukueni. Na samaki je, Mama?"

Hapo nikapasuka. "Umesoma mpaka ukavaa tai, unapasha maji bila kifuniko! Nani anabandika chungu wazi dirishani, halafu analalamika kuni zinaisha? Joto linatokea juu, wewe unavisha mbavu! Nenda mashineni ukalete pumba za mpunga. Wewe mwenyewe, usitume mtu!"

Akaenda. Pumba kavu nikazijaza kwenye viroba, nikashona midomo, nikavibana nyuma ya tangi na ubavuni, kama tunavyozungushia sufuria la wali wa hitima usipoe. Waya wa umeme nikaupitisha mbali na pumba. Juu nikafunika kawa zangu mbili za ukili, zile za kufunikia chakula, hewa ipite, joto libaki. Pazia nikateremsha. Kufika adhuhuri kijitaa cha hita, kinachowaka inapopasha, kilikuwa kimezimika zaidi ya kuwaka.

Jioni wakaja wenzake wa ofisini.

"Hii ni mbinu yangu," nikamsikia anawaambia. "Pumba inahifadhi joto kiasili."

Nilikuwa kwenye mkeka, blanketi mabegani, linanuka chakula cha samaki, hasira zote zimenirudia upya.

"Abdulatifu," nikamwita. "Mtani wangu anarudi kesho. Kuna kawa amezitamani."

Akazitazama kawa, akawatazama samaki.

"Kwa kweli," akasema chini chini, "mbinu ni ya Mama."

"Sema kwa sauti," nikamwambia, nikajivutia blanketi mpaka shingoni. "Baba yako huko aliko hajasikia."