Kura ya Sita

Kwa miaka kumi na tisa nilipiga ribiti, ile misumari minene ya chuma, ndani ya maboila, yale matangi makubwa ya mvuke. Ukiwa tumboni mwa boila na wenzako wanagonga kwa nje, kichwa chako hugeuka kengele. Humo hakuna kusemezana. Mmoja akiinua mkono, kila amwonaye huweka nyundo chini na kuinua wake, ijulikane hakuna anayepiga, mtu atoke na vidole vyake vyote. Huulizi kwa nini. Unainua.

Wafanyakazi waliponituma kwenye baraza la mji, mimi wa kwanza kutoka karakana, sikio la kushoto lilishakufa na la kulia lilikuwa linachechemea. Sikumwambia mtu. Mtetezi wa wanyonge asiyesikia kilio chao! Nilijifunza kutazama midomo, kutikisa kichwa, kucheka wenzangu wakicheka.

Tulikuwa wajumbe wawili wa wafanyakazi, mimi na Fundi Nguo, mshonaji mwembamba kama uzi wake. Hoja ilikuwa yetu: kazi isizidi saa nane kwa siku. Kati ya wajumbe kumi na mmoja, sita tulishaahidiana.

Mwenyekiti alikuwa na sharubu zilizomfunika mdomo. Siku ya kura akasema jambo. Mzee wa mbele yangu akainua mkono, na wangu ukapanda kabla yangu mimi.

Karani akahesabu. Kisha wengine wakainua yao, Fundi Nguo akiwemo. Akageuka kunitazama. Mkono wangu ulikuwa pajani. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba wa kwanza kuitwa walikuwa wapinzani wetu.

Ningeweza kusimama. Neno moja tu: sikusikia. Nikabaki nimeketi. Karani akaandika idadi bila majina: wanaopinga sita, wanaokubali watano.

Nje, Fundi Nguo alinisogelea hadi nikaona midomo yake vizuri. "Utawaambia mwenyewe," akasema. "Mimi sitakusemea."

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alinisubiri kwenye lango la karakana na kundi zima la wapiga ribiti. Yeye huongea kwa kupayuka, kama sisi sote.

"Shemeji! Nani katuuza? Si yule mshona makoti ya matajiri?"

Nikainamisha kichwa.

"Ona, hata kusema anaona haya!" akawaambia wenzake. "Mwenye cherehani yake tangu lini akawa mfanyakazi?"

Kimya changu kikawa ushahidi. Wiki nzima hakuna aliyempelekea Fundi Nguo hata suruali ya kutia kiraka. Mkewe alimsalimu mke wangu njiani, wangu akavuka barabara. Aliponisimulia nilimjibu, "Umefanya vyema." Nilisema hivyo, kwa mdomo huu.

Kisha chama cha wafanyakazi kikaitisha mkutano wa kumfukuza Fundi Nguo. Alikuja na utepe wa kupimia shingoni, akaketi peke yake kwenye benchi la watu sita. Shemeji akasimama, akamgeukia na kusema kitu, nami nikiona kisogo chake tu. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Nami nikacheka.

Fundi Nguo akanitazama. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Nikamvuta shemeji shati. "Umesema nini?"

"Nimemuuliza, walipompima bei, walimpima kwa futi au kwa yadi!"

Nikasimama. "Kura ya sita ni yangu," nikasema. "Fundi huyu hana kosa. Sikusikia swali. Nimekuwa kiziwi tangu kabla hamjanichagua, na nilijua."

Shemeji alicheka. Nilimsoma midomo: "Acha kujitwisha mzigo wa mtu. Kiziwi gani unayenijibu kila siku?"

"Wewe unapayuka, mdomo wako nausoma kwa urahisi. Wengine nawabahatisha."

Nikampa shemeji kisogo, nikamkabili Fundi Nguo, nikamwomba radhi mbele ya wote. Niliongea kirefu. Sijui kama niliongea vizuri. Niliona tu nyuso za walioketi nyuma yake zikibadilika: kwanza ubishi, kisha macho yakihama kutoka kwangu kwenda nyuma yangu na kurudi, kisha mwanamke mmoja akaziba mdomo kwa kiganja.

Fundi Nguo akainuka. Akanishika mabega, akanigeuza taratibu, kama mteja anayepimwa koti.

Shemeji alikuwa amepanda juu ya kiti, hatua chache tu kutoka mgongoni pangu, mishipa ya shingo imemtoka, machozi yanamtiririka. Sijui alikuwa ameniita mara ngapi.