Kioo Juu ya Ufa

Watu wa mteremko ule walimwita Dada Kioo, na jina lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Tangu mlima ulipoporomoka na kufukia nusu ya kitongoji, kazi yake ilikuwa kuzunguka kwenye nyumba zilizobaki, mfuko wa plasta begani na boksi la vipande vya kioo mkononi. Palipokuwa na ufa ukutani alikoroga plasta kidogo kwenye kopo, akabandika kipande cha kioo kuuvuka ufa, kisha akachora tarehe kwa ncha ya msumari kabla plasta haijakauka. Baada ya hapo alirudi kila wiki mbili kukitazama.

Kioo kikikaa kizima miezi sita, nyumba imetulia. Inapakwa doa la kijani kwenye fremu ya mlango, na mwenyewe anaweza kuikarabati au kuiuza. Kioo kikivunjika, ardhi bado inatembea, na hesabu inaanza upya. Huo ndio uliokuwa utaratibu wote. Hata watoto waliuelewa; walizipita kuta zenye kioo kwa mbali, kama wanavyompita mbwa mkali.

Mchana ule Dada Kioo alikuwa amekaa sebuleni kwa mjomba wake, akijitahidi kutoutazama ukuta wa dirishani. Kioo cha pale kilikuwa kizima. Plasta yake ilikuwa na tarehe ya miezi sita iliyopita. Tarehe ile ilikuwa ya uongo, na aliyeichora ni yeye.

Wiki tatu nyuma alikuwa amekikuta kimekatika katikati. Ilikuwa siku ya pili baada ya ile wiki ya mvua isiyokatika.

"Kabati hilo," mjomba alisema bila kuulizwa. "Nililisogeza kufagia, likakigonga."

Dada Kioo aliligeukia kabati. Miguu yake minne ilikuwa imezama kwenye vumbi lilelile la siku zote, hakuna mkwaruzo hata mmoja sakafuni. Aliona vizuri kabisa. Halafu akamtazama mjomba, dereva wa malori aliyestaafu, aliyemchukua akiwa na miaka mitano na kumlea kwenye nyumba hii hii, aliyekuwa akimsukia nywele asubuhi kwa vidole vinene vya kushika usukani, mpaka wenzake shuleni wakamwita Mkeka. Sasa kifua chake hakikuiweza tena baridi ya mlimani. Binti yake aliyeko bondeni alikuwa amemwandalia kiwanja cha kujenga vyumba viwili. Kilichobaki ni nyumba hii kuuzwa, na doa la kijani lilikuwa limebakiza siku kumi.

"Kabati," Dada Kioo aliitikia.

Akabandika kioo kipya, akachora tarehe ya zamani. Plasta mpya iling'aa kwa weupe pembeni ya ukuta uliochakaa, basi akachukua majani ya chai yaliyobaki kwenye birika, akaisugua taratibu mpaka ikazeeka. Mjomba alikuwa jikoni muda wote huo, akiosha kikombe kimoja. Siku kumi baadaye mhandisi, bosi wake, alitia sahihi karatasi bila kupanda mlima. "Ukishaandika wewe, mimi nina nini cha kuongeza?" alisema, na kumpa kopo la rangi ya kijani.

Tangu siku hiyo roho ilimsuta. Chai ilimshinda kunywa.

"Hodi wenyewe."

Aliyeingia alikuwa mnunuzi, mshonaji wa nguo ambaye kila mtu alimwita Mama Pacha. Nyumba yake ya kwanza ilikwenda na tope. Alikuwa ameishi kwenye hema mwaka mmoja na miezi miwili, yeye na wanawe pacha na cherehani, na alikuwa akisema cherehani ndiyo pekee isiyolalamika. Kesho asubuhi angetia sahihi kwenye ofisi ya makazi. Fungu la serikali la kununua nyumba lilitolewa mara moja tu kwa kila familia. Ukishalitumia, umelitumia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu kwako. Mimi hapa ni mgeni tayari."

"Mgeni gani anakaa kwenye kiti kizuri?" Mama Pacha alicheka, akamgeukia msichana. "Dada Kioo, upo. Mbona umepauka hivyo? Hawakulishi huko ofisini?"

"Kazi tu, dada."

"Nimeleta mapazia. Nimeyakata, sijayapinda. Nikasema nije nipime tena nihakikishe, maana kitambaa chenyewe nimekipata kwa kubembeleza."

Kabla ya kufungua mfuko alikwenda ukutani na kugusa kile kioo kwa ncha ya kidole, polepole, kama anavyoguswa mtoto aliyelala. Alifanya hivyo kila alipokuja. Dada Kioo alishusha macho.

"Magoti yangu yatakukumbuka, nyumba," mjomba alisema ili mradi kusema. "Yanalia kama gia ya tatu ya lile lori langu."

"Ukienda nayo utuachie kimya," Mama Pacha alijibu. Alitoa futi ya ushonaji na daftari la shule lenye kona zilizokunjika. Akapanda kwenye stuli, akapima dirisha upande wa kulia, akashuka, akasoma daftari, akatikisa kichwa kuridhika. Akapima kushoto. Akasoma daftari. Akapanda tena.

"Hebu nishikie hapa chini, mdogo wangu."

Dada Kioo alishika ncha ya futi.

"Ajabu," Mama Pacha alisema. "Mara ya kwanza niliandika arobaini na nane kulia, arobaini na nane kushoto. Leo kushoto napata arobaini na saba na nusu."

"Ulipima lini?" Dada Kioo aliuliza, ingawa alijua.

"Siku ile ya kwanza kuja kuiona. Kabla ya ile wiki ya mvua." Alishuka, akakaa kwenye stuli, akakigeuza kiganja chake na kukitazama. "Miaka kumi na tisa nashona, sijawahi kukosea dirisha. Ni hema lile. Mtu halali, mkono unatetemeka, unaandika upuuzi. Bora niliyaacha bila kuyapinda. Nitayarekebisha, mkono wangu ndio wa kulaumiwa."

Akachukua penseli akaanza kufuta ile arobaini na nane.

Mjomba alikohoa. Dada Kioo aliisikia penseli ikisugua karatasi. Siku zote hizo alikuwa amejiambia kwamba labda ni kabati kweli, kwamba vumbi lina namna zake, kwamba nyumba ngapi zimesimama na nyufa mbaya kuliko huu. Sasa mwanamke huyu alikuwa anajifutia ukweli wake mwenyewe, anajiona mzembe, na kesho angewaleta wanawe walale chini ya dirisha hili akiamini ni mkono wake ulioteleza.

"Usifute," alisema.

Mama Pacha alinyanyua macho.

"Mkono wako haukukosea, dada. Dirisha ndilo limeshuka. Kioo kilivunjika ile wiki ya mvua. Hicho ukionacho nilikibandika mimi wiki tatu zilizopita, nikaandika tarehe ya zamani. Nyumba hii bado inatembea."

Mama Pacha aliinuka, akasogea ukutani, akainama mpaka pua ikakaribia plasta.

"Lakini hii ni ya zamani. Ina rangi ya zamani."

"Ni majani ya chai."

"Majani ya chai." Alirudia kama mtu anayejifunza neno. "Kwa hiyo kila nikija nikagusa hapa, nagusa chai."

Dada Kioo alitaka kusema samahani, akaliacha neno hilo. Lilikuwa dogo mno.

"Unajua wanangu nilishawaonyesha pa kulala?" Mama Pacha hakupandisha sauti. "Mmoja upande huu wa dirisha, mwingine ule. Wamegombana wiki nzima nani alale karibu na ukuta huu. Kwa sababu una kioo. Niliwaambia ukuta wenye kioo cha Dada Kioo ndio salama kuliko zote."

"Mama, usimlaumu mtoto," mjomba alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia habari ya kabati."

"Hukunituma, Mjomba."

"Sikukutuma. Lakini nilikuwa jikoni naosha kikombe kimoja nusu saa nzima. Unadhani kilikuwa kichafu kiasi gani?"

Mzee aliutazama mkono wa kiti chake, akausugua kwa kidole gumba. "Nilijua," alisema. "Usiku mmoja wa ile mvua ardhi ilinguruma chini ya kitanda. Nikasema nikishaondoka, labda itatulia."

Dada Kioo alifungua begi lake la kazi. Hakuwa na rangi ya kulifuta lile doa la kijani mlangoni, lakini alikuwa na patasi. Alikibandua kile kioo cha uongo, plasta ikadondoka vipande vipande sakafuni, ya kahawia juu na nyeupe kabisa ndani. Kisha akachukua kopo, akatia plasta, akatafuta maji kwa macho. Mjomba aliinuka kwa shida akaenda kuyaleta mwenyewe.

Alipomaliza kubandika kipya alinyanyua msumari, halafu akasita. Akamnyooshea Mama Pacha.

"Andika wewe."

"Mimi nitaandika nini?"

"Tarehe ya leo."

Mama Pacha aliuangalia ule msumari. Akaupokea. Aliandika kwa herufi za kishonaji, ndogo na zilizonyooka, na alipomaliza akaandika pia pembeni, kwa penseli, arobaini na saba na nusu.

"Leo naenda kwa mhandisi," Dada Kioo alisema. "Kazi najua itaota mbawa. Fungu lako halijaguswa, nitahakikisha anaandika hivyo kabla sijatoka ofisini kwake. Na wewe, Mjomba, hulali hapa. Unahamia kwangu."

"Kwenye kile chumba kimoja?"

"Kimoja."

"Nakoroma."

"Nimelala miaka kumi na minane nikikusikia."

Mzee aligeuza uso upande wa dirisha, akakaa hivyo.

Mama Pacha alikunja mapazia yake, akayaweka kwenye mfuko, futi juu yake. "Njoo," alimwambia Dada Kioo, si kwa ukali wala kwa upole. "Na mimi nataka kumsikia huyo mhandisi kwa masikio yangu."

Walishuka njia ya mawe, mshonaji mbele, Dada Kioo nyuma. Alikuwa amejiandalia maneno mengi ya njiani, lakini mgongo ule ulionyooka haukumpa nafasi. Kwenye nyumba ya kwanza waliyoipita Mama Pacha alisimama. Ilikuwa na doa la kijani mlangoni, na nguo za mtoto zilikuwa zimeanikwa mbele. Kando ya mlango palikuwa na kioo.

"Na hiki?"

"Hiki ni cha kweli, dada."

Mama Pacha alikwenda mpaka ukutani, akakwaruza plasta kwa ukucha wa kidole gumba, akautazama ukucha kwenye mwanga, akaunusa. Mwenye nyumba alitoka mlangoni akishangaa, akamwona Dada Kioo, akatabasamu na kumsalimia kwa furaha. Dada Kioo aliitikia kwa shida.

"Sawa," Mama Pacha alisema, akaendelea kushuka.

Kwenye nyumba ya pili alisimama tena.

"Na hiki?"