Utepe wa Kijani

Kwa siku mbili Winchi hakutia kitu tumboni ila maji na chai ya rangi, kwa kuogopa mizani. Waliotangulia walimwambia kwamba helikopta ya kwenda kwenye mtambo wa mafuta baharini haipendi watu wazito, na kwamba kabla ya safari kila abiria hupimwa kama mzigo. Yeye alikuwa amebeba mifuko ya saruji kwenye ghala la ugenini kwa miaka minne, na jina la Winchi, mashine ya kuinulia mizigo, alilipata hukohuko, kwa hiyo aliijua mizani vizuri: haina huruma wala haipokei salamu. Akaona dawa ni kufunga mdomo.

Asubuhi alipoinuka kitandani kichwa kilimzunguka kidogo. Chumba kilikuwa cha vitanda sita na dirisha moja, soksi zimeanikwa kwenye bomba la maji, na harufu ya miguu ya watu sita ambayo hakuna mpangaji aliyewahi kuikubali kuwa yake. Sindano, mwenzake wa kitanda cha juu, alikuwa ameshavaa, mkoba uko mgongoni.

"We unakwenda wapi na mkoba?"

"Nakusindikiza, kaka. Ndugu yangu anaanza kazi ya mafuta leo, mimi nilale?"

Winchi aliguswa. Ugenini ukipata mtu wa kukusindikiza, umepata ndugu. Tena walikuwa wametoka mbali wawili hawa. Chuoni, kwenye mafunzo ya kujiokoa majini, walifungwa mikanda ndani ya kijumba cha chuma mfano wa helikopta, kikazamishwa bwawani na kupinduliwa chini juu. Sindano alipagawa, akasahau hata mkanda hufunguliwaje. Winchi ndiye aliyemfungua, akamsukumia nje, kisha akajipenyeza mwenyewe dirishani, mabega yakakwaruza fremu mpaka ngozi ikatoka. Mwalimu alicheka, akaandika kitu kwenye daftari lake. Vyeti walipewa wote wawili.

Wakashika njia. Winchi alikuwa akiwaza Ijumaa. Kibali chake cha kuishi katika nchi ile kilikuwa kinakwisha siku hiyo, na Mjomba alishawaeleza bila kumung'unya maneno: mkataba wa mtamboni hugongwa muhuri siku mtu anapopanda helikopta, si kabla, na bila muhuri hakuna kibali kipya. Ghalani alikuwa ameaga Jumamosi. Nafasi yake ilijazwa kabla jasho lake halijakauka, maana pale getini watu wa kuomba kazi hupanga foleni kabla ya jua. Kwa hiyo apande leo, au Ijumaa afungashe.

Huyo Mjomba hakuwa mjomba wa mtu. Alikuwa wakala wa kupeleka vibarua kwenye mitambo ya mafuta baharini. Aliitwa hivyo kwa sababu aliwaita vijana wote wapwa, na nadhani pia kwa sababu mjomba ni mtu mgumu kumshitaki.

Ukumbi wa abiria ulikuwa bati na vioo, na upepo wa bahari ukipita chini ya mlango. Foleni ilikwenda hivi: mizani kwanza, kisha mpima mabega, kisha nesi nyuma ya pazia. Sindano alikwenda kuketi kwenye benchi la nyuma pamoja na watu wengine wanne wenye mikoba. Winchi hakujiuliza kwa nini wasindikizaji wote wana mikoba.

Mbele yake alisimama mzee mmoja mpana wa juu, mwembamba wa miguu, kofia mkononi. Tumbo la Winchi likanguruma. Mzee akageuka.

"Mwanangu, tumbo lako linaongea lugha ya kwetu."

Wakacheka. Mzee alikuwa mpishi wa mtamboni, mwaka wa kumi na tisa huu, na kweli alikuwa mtu wa kwao. Akatoa kipande cha mkate kilichofungwa kwenye karatasi.

"Kula."

"Nikishapimwa, mzee. Naogopa mizani."

"Haya, nitakuwekea. Mkate wa mtu hauozi."

Mara akashikwa na kikohozi. Akakizika ndani ya kofia, mabega yakimtikisika, kisha akatazama upande wa pazia na kutia kidonge mdomoni haraka.

"Nesi asinisikie huyo," alinong'ona. "Nimebakiza safari mbili tu, mwanangu, halafu nyumbani moja kwa moja. Wakinishusha leo mkataba unakufa, na haki yangu ya miaka yote hii inakufa nao. Mke wangu amenivumilia miaka kumi na tisa. Safari mbili hazimshindi."

"Mimi sijaona, mzee. Wala sijasikia," alisema Winchi, na alisema kweli toka moyoni.

Mzee akapimwa uzito, akapimwa mabega, akafungwa utepe wa kijani mkononi. Winchi alidhani ni cheo. Kwa nesi hakukaa. Alitoka anatabasamu, akaenda kuketi upande wa wanaosafiri, mkate gotini.

Kwenye mizani Winchi alipita. Kilo mbili chini ya kiwango! Alitamani kumkumbatia yule karani. Njaa ile yote haikuwa bure, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alijiruhusu kuwaza sahani ya chakula.

Mpima mabega alikuwa kijana msafi mwenye chombo kama rula ndefu yenye mikono miwili. Alikibana chombo begani huku na huku, akasoma, akakunja uso, akapima tena.

"Sentimita hamsini na tisa," alisema. "Mwisho hamsini na sita."

"Mwisho wa nini?"

"Wa upana. Helikopta ikizama, mtu wa hamsini na tisa hatoki kwenye dirisha dogo. Anaziba, na waliokaa naye wanakufa. Lazima akae penye dirisha kubwa, na viti vya hapo ni vitatu."

"Basi nipe kimoja."

"Vimejaa."

Akaonyesha kwa kidevu. Wanaosafiri wenye utepe wa kijani walikuwa watatu: msimamizi wa zamu, dereva wa kreni, na mzee mpishi.

Winchi akavua shati. Akatoa pumzi yote, akayakunja mabega mbele mpaka kifua kikaingia ndani. Watu kwenye foleni wakaanza kuchekea mikononi.

"Simama kawaida," alisema kijana.

"Hivi ndivyo ninavyosimama."

"Hamsini na nane. Nguo haina kosa, kaka. Ni mifupa."

Mafuta ya mwili yanaweza kupungua kwa njaa. Mifupa ya begani haijui kama umekula au hujala. Mabega yale Winchi hakuzaliwa nayo. Aliyajenga mwenyewe, mfuko kwa mfuko, kwa saruji ya watu, mpaka wenyewe wakamsifu kwamba anabeba mitatu kwa mpigo. Leo ndiyo yaliyokuwa yakimfungia mlango. Ng'ombe wa maskini hazai, na huyu wa Winchi alikuwa amezaa pembe tupu. Karani akachukua rula na kalamu nyekundu, akalipigia jina lake mstari kwenye orodha.

"Spea!" aliita.

Kutoka benchi la nyuma akainuka Sindano.

Hapo ndipo Winchi alipoelewa wale wa benchi la nyuma ni nani. Kila safari Mjomba alileta watu wa akiba, wasiolipwa, waliokaa na mikoba yao wakiomba kimoyomoyo mtu apandishe presha au azidi kilo. Kufa kufaana.

"Kaka, nisamehe," alisema Sindano, macho sakafuni. "Jana Mjomba alinipigia. Nisingekuja mimi angekuja mwingine."

"Ungeniambia!"

"Ningekuambia ungefanya nini? Ungeyakata mabega?"

Swali hilo lilimuuma Winchi kuliko usaliti wenyewe. Mwembamba yule alipimwa akatoka na arubaini na moja. Angeweza kutoka hata kwenye tundu la kufuli.

Mjomba alikuja akinukia marashi, simu sikioni. Aliisogeza kidogo.

"Pole, mpwa. Nilihofia hivi tangu siku ya kwanza. Nilisema, huyu hata mlangoni kwangu ameingia kiubavu."

"Ulijua ukanipeleka chuoni? Ukaniacha niage kazi?"

"Chuo kinataka watu. Mimi kazi yangu ni kupeleka watu." Alitazama walioketi, akashusha sauti. "Utepe mmoja ungedondoka, ningekuombea kiti chake. Lakini wote wazima, alhamdulillahi." Akarudi kwenye simu yake.

Simu ya Winchi nayo ikatikisika mfukoni. Mkewe alikuwa ameandika: *Mume wangu, umepanda? Mama hajatia kitu mdomoni tangu jana, anasema hatakula mpaka asikie uko juu.*

Akaisoma mara mbili. Akamtazama mzee mpishi, aliyekuwa amefumba macho, midomo imebana kikohozi. Nitakwambia ukweli, hakusitasita sana. Mtu akisimulia jambo kama hili hupenda kusema alipigana na nafsi yake. Winchi alipigana nayo kwa muda wa kuvaa shati.

Akaingia nyuma ya pazia.

Lugha ya wenyeji aliijua ile ya ghalani, nusu yake amri na nusu matusi. Neno la kikohozi hakuwa nalo. Nesi akamngoja, kalamu mkononi. Winchi akaonyesha kichwani alama ya kofia, akachora utepe mkononi, kisha akainama, akajishika kifua na kukohoa, mara tatu, kwa sauti ya mzee yule. Halafu akaonyesha kidonge kinavyomezwa kwa siri.

Nesi hakusema asante. Alichukua kipimo chake cha masikioni, akatoka.

Mzee aliitwa, akaambiwa avute pumzi ndefu. Akavuta. Avute tena. Ya tatu ikamshinda, kikamtoka kikohozi cha miezi yote aliyokificha, kikamkunja mpaka akashika meza. Nesi akaandika mistari miwili. Kijana mpima akachukua mkasi, akaukata utepe wa kijani mkononi mwa mzee.

Winchi alikuwa ameshasimama mezani, mkono ameunyoosha.

"Nini?" aliuliza kijana.

"Kiti cha dirisha kubwa. Sasa kipo."

"Kipo." Kijana akautupa utepe kwenye droo. "Lakini wewe umeshakatwa. Jina likikatwa halirudishwi siku hiyohiyo. Ndiyo kanuni."

"Na kiti?"

"Kitakwenda kitupu. Orodha imeshafungwa."

"Kitupu? Na mimi nimesimama hapa?"

"Jaribu mwezi ujao."

Akamtafuta Mjomba. Mjomba alikuwa dirishani, akimpungia Sindano mkono. Alipoitwa aliinua kidole, kwamba yuko kwenye simu, na kile kidole hakikushuka.

Abiria wakatoka mmoja mmoja wakiinamisha vichwa chini ya upepo wa mapanga ya helikopta. Sindano aligeuka mara moja, akainua mkono nusu, akaushusha. Upungufu wa uzito wa mzee ukajazwa na magunia mawili ya vitunguu. Winchi aliyaona yakipakiwa na mtu asiyejua kubeba, gunia liko kiunoni badala ya begani. Helikopta ikainuka, ikaelekea baharini, na mabati ya ukumbi yakaacha kutetemeka.

Waliobaki wakatawanyika. Kwenye benchi la nyuma akabaki mzee mpishi peke yake, kofia gotini, mkononi pamebaki alama ya utepe ulipobana. Winchi alitaka kupita. Mzee akamwona, akapapasa nafasi pembeni yake.

"Njoo, mwanangu. Na wewe wamekubakiza?"

"Mabega," alisema Winchi.

"Mabega!" Mzee akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, sasa bila kukificha. "Ama kweli dunia. Mimi sijui nesi alinishtukia vipi. Nilishapita. Nilishakaa." Akatikisa kichwa. "Nitamwambia nini yule mama? Miaka kumi na tisa."

Winchi alitazama viatu vyake. Simu ikatikisika tena mfukoni, hakuitoa. Maneno yalikuwepo, tena haya yalikuwa ya lugha yake mwenyewe, hayahitaji ishara. Akafungua mdomo.

"Mzee..."

Lakini tumbo likatangulia kunguruma, kubwa, katika ukumbi mtupu.

"Lo, nimesahau," alisema mzee. Akafungua karatasi na kumwekea mkate wote kiganjani, wala hakujikatia. "Si nilikwambia nitakuwekea? Kula, mwanangu. Mizani imeshapita."

Winchi akaupokea kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa na mama yake. Akaula wote, mpaka makombo yaliyobaki kwenye karatasi, na mzee alimtazama kwa furaha akila.