Vumbi kwenye Mashati ya Bosi

Jamani, kama hujamwona shangazi yangu akinyoosha kola, bado hujaona pasi ikifanya kazi. Kola inatoka pale imesimama kama askari wa gwaride! Ndiyo maana bosi wa machimbo, na ukubwa wake wote, mashati yake meupe hampi dobi mwingine. Dereva analeta furushi, dereva anakuja kuchukua.

Machimbo yenyewe yako hapo nyuma ya mtaa wetu. Mlima umeliwa ubavu mzima. Mtambo wa kusaga kokoto unanguruma tangu asubuhi, malori yanapita mlangoni, na baruti ikilipuka vikombe vinagongana kabatini vyenyewe. Ukuta wetu una ufa kutoka dirishani mpaka darini, Shangazi kaufunika na kalenda. Vumbi ndiyo usiseme. Kwa hiyo king'ora cha kulipua mwamba kikilia, mtaa mzima unakimbilia kamba. Nguo ndani, madirisha funga, sufuria funika. Hakuna anayefikiria. Hata kama unaoga, unatoka na povu.

Lakini vumbi halibishi hodi. Lilimwingia Chiriku.

Chiriku ni mjukuu wa Shangazi, na jina kalipata kwa mdomo wake: anaongea na kuku, anaongea na ndoo, akikosa mtu anaongea na kiatu. Basi kifua kikaanza kumbana. Kila akifungua mdomo, kikohozi kinamuwahi. Mwisho akanyamaza kabisa, na nyumba ikawa kama ya wageni. Daktari hakuzunguka: vumbi lipungue, au mtoto ahamishwe. Bibi yake wa upande wa baba, anayekaa mbali kweli kweli, akatuma ujumbe kwamba Jumamosi anakuja kumchukua. Niliusoma mimi, kwenye simu yangu. Shangazi alikuwa anakamua shati. Alilikamua mpaka nikalionea huruma.

"Haya mashati ya bosi," akasema, "kesho tunayaanika nje."

"Nje? Saa za kulipua?"

"Nje. Yapigwe vumbi, niyanyooshe na vumbi lake, nimrudishie."

"Shangazi, atakunyima kazi!"

"Aninyime. Nimeenda ofisini kwake mpaka mlinzi kanizoea, ananiita dada. Bosi hajawahi kuniona. Sasa ataniona kwenye kola."

Mwenzangu, nilisisimka mpaka simu ikaniponyoka!

Kesho yake akayaanika, kamba nzima, meupe pee. Mimi uani na simu mkononi, tayari kurekodi. Kazi yangu ilikuwa moja tu: nisiguse kitu.

King'ora kikalia.

Sasa niwaambie nini? Miguu ilikwenda yenyewe! Nilipokuja kushtuka, simu iko mdomoni, mashati yote yako kifuani kwangu, vibanio vinaruka huku na huku kama panzi.

"We Simu!" Ndivyo Shangazi anavyoniita. "Umeniua! Rudisha!"

"Shangazi, mikono imenisaliti!"

"Rudisha, nasema!"

Nikageuka kurudisha, nikamgonga mtu. Bosi mwenyewe! Dereva wake alikuwa anaumwa, na yeye alitaka shati la mkutano. Kasimama uani kwetu, kavaa jeupe, anashangaa mtaa unavyokimbia. Jirani kabeba godoro kichwani, mwingine kakumbatia sufuria na mwiko ukiwa bado ndani.

"Kuna nini?" akauliza.

"Si king'ora chako, baba," Shangazi akajibu.

"Kile? Kile ni cha watu walio ndani ya machimbo."

"Basi na sisi tuko ndani. Ingia, vumbi lako linakuja."

Akacheka. Alikuwa bado anacheka mwamba ulipopasuka. Ardhi ikaruka, kalenda ikaanguka, na wingu likatuvukia paa na kushuka uani. Lilipotua, bosi alikuwa kama mtu aliyelala kwenye gunia la unga. Akakohoa mpaka akashika ukuta, pale pale penye ufa.

Shangazi akamvuta ndani, akafunga mlango, akampa maji. Chumba kimejaa nguo za watu kwenye kamba, hata kusimama wima shida. Chini yake, kwenye godoro, Chiriku na kitambaa kibichi puani. Akamtazama yule baba akihangaika. Akakitoa kitambaa, akamnyooshea.

"Chukua. Utapona."

Siku nyingi tulikuwa hatujaisikia sauti ile. Kisha kikohozi kikamkamata, na bosi akawa amekishika kitambaa, hajui akiweke wapi.

"Nilitaka kukutumia vumbi kwenye shati," Shangazi akamwambia. Hakupandisha sauti hata kidogo. "Umelifuata mwenyewe. Nataka maji tu, baba. Mwagia barabara, mwagia mtambo. Jumamosi huyu ananyang'anywa mikononi mwangu."

"Mbona hukuja kusema?"

"Muulize mlinzi."

Akaondoka na shati safi, kichwa chini, akiahidi maji yatamwagwa. Nami nikasema moyoni, ahadi za wakubwa nazijua. Nilikosea! Siku iliyofuata boza, lile lori la tangi la maji, likapita polepole likimwagia barabara, na juu ya mtambo wakafunga mabomba ya kurushia maji. Watoto wakalikimbilia boza wakipiga makelele.

Jumamosi yule bibi wa upande wa baba akaja, akaweka sikio kwenye kifua cha mtoto. "Namwachia mwezi," akasema. "Kisipotulia, nambeba."

Ufa bado upo, na king'ora kikilia bado tunakimbia. Shangazi sasa analalamikia tope, nguo zinarukiwa, na huyo mlinzi anamfungulia geti kabla hajafika. Mwezi ulipotimia, bibi huyo akapiga simu, akaomba asikie kifua kinaendeleaje. Nikampa Chiriku. Akaanza na kuku, akaja kwenye ndoo, akaingia kwenye viatu. Shangazi kashika pasi, hanyooshi kitu, anasikiliza tu.

Betri ikaisha. Ya simu, siyo ya Chiriku.