Neno la Kindi

Mgeni alibisha mlangoni kwa Dorca wakati chai ya jioni ikichemka. Alikuwa na tai shingoni, na suruali imejaa vumbi la Nyamasaria hadi magotini. Alisema anaitwa Enos, mhubiri kutoka Kisian. Kiti alikikataa.

"Mama, mtoto wako huangalia katuni?"

"Kwa jirani, kwa Habiba. Kwani kuna nini?"

"Shetani amejificha ndani ya kanda zile. Msikilize tu anavyocheza."

Haikuchukua muda. Uani, Aoko, binti wa Dorca, alikuwa akimfukuza kuku huku akipiga kelele: "Tho! Tho!"

Dorca alitoka mbio hadi uani. Tho, kwa Dholuo, ni kifo. Na nyumba hii ilikuwa imeshazika mtoto mmoja.

"Nani amekufundisha neno hilo?"

"Kindi wa kwenye katuni, Mama. Akikasirika husema hivyo."

Enos alitikisa kichwa polepole, akaaga.

Kufikia Jumapili habari ilikuwa imeenea kanisani. Maximilla, kiongozi wa kwaya, alitangaza kwamba mama atakayeonekana kwa Habiba asahau safari ya kwaya kwenda Bondo. Dorca alikuwa amechaguliwa kuimba peke yake huko, jambo alilolitamani tangu usichana.

Akamkataza Aoko kuangalia katuni. Mtoto akalia, akasukuma uji. "Hujaiona hata siku moja! Mbona unaichukia?"

Swali lilimchoma. "Basi Jumamosi tutaenda wote. Tutakaa mpaka iishe. Nakuahidi."

Habiba aliwapokea kwa kicheko chenye kidonda. "Heh, Mama Aoko! Umekuja kukagua majini yangu? Ingia, yako nyuma ya kochi."

Dorca aliketi ukingoni, macho makali. Kindi akatokea, meno ya mbele yameng'oka kwa kuuma jiwe. "Tho!" akafoka. Watoto wakaitikia kwa pamoja.

"Anataka kusema 'so', ile ya Kiingereza, yaani 'kumbe!'" Habiba akasema. "Ni kibogoyo, dada! Upepo unapita penye pengo."

Dorca alitaka kucheka, lakini shaka haikumtoka, ilihama tu. Kindi alikuwa amefika kisiwani, na wenyeji wa pale walikuwa weusi tii, midomo kama maandazi, mfupa puani, wakikimbia ovyo kwa woga. Watoto walizidi kucheka. Aoko naye alicheka.

"Mama, hawa ni watu wa wapi?"

"Hakuna watu wa namna hiyo. Aliyewachora hajawahi kutuona."

Habiba aliacha kutabasamu. "Wallahi, sikuwahi kuliangalia hivyo."

Sare za kijani zikapita nje, wanakwaya wakienda mazoezini. Maximilla alisimama, akachungulia ndani.

"Dorca! Toka sasa hivi, nami nitawaambia ulifuata chumvi tu."

Aoko aliishika leso ya mama yake kwa nguvu. "Haijaisha."

Dorca alijua kwamba Bondo ilikuwa ikimponyoka pale pale mlangoni. Akampakata binti yake.

"Haijaisha, Maximilla," akasema, akaigeukia televisheni.