Mwalimu Awiti Anamimina Bia

Awiti hakutaka kwenda baa, hilo lijulikane mapema. Lakini utamkatalia vipi bosi wakati barua yako ya kuombea kibali cha kazi bado haijatiwa sahihi? Mpaka wa Tanzania ulikuwa umefungwa mwaka wa tano huo, kwao Musoma hakurudiki, na bila ile barua polisi wangemsweka ndani wakati wowote. Basi Ijumaa jioni akafuatana na Wakorea wa kampuni ya barabara, wale aliokuwa akiwafundisha Kiswahili, hadi baa ya Wangoi pale mtaa wa Kongo, Kawangware, Nairobi.

Wakorea walikuwa watatu: Bwana Pak, ndiye bosi mwenye kutia sahihi, na mainjinia wawili vijana. Wa tano mezani alikuwa Kiragu, karani wa ofisi, aliyemchukia Awiti tangu siku ya kwanza, eti Mtanzania amekuja kula kazi ya wenyewe.

Sasa, hao Wakorea hawajimiminii. Mdogo kwa umri ndiye huwamiminia wakubwa, tena kwa mikono miwili. Kiragu alilijua hilo vizuri sana.

“Mdogo hapa ni mwalimu,” akasema, meno yote nje. “Fomu yake inasema miaka ishirini na minane.”

Ishirini na minane, wapi! Awiti alikuwa na arobaini na mmoja. Kazi ilitaka mtu wa chini ya thelathini, sura ikamsitiri, akaandika uongo. Angekula nini, mawe?

Basi akamimina. Akamimina hadi viganja vikanata bia. Meza ya jirani nao walishaamua yeye ni mwanamke wa namna gani.

“Sista, ukimaliza na hao Wachina, kuja na huku!” mmoja akapiga kelele, akanyoosha mkono kumshika kiuno. Awiti akausukuma mkono ule kwa kiwiko, uso ukimwaka kwa aibu. Kiragu alicheka mpaka machozi, kisha akasogeza glasi yake.

“Na mimi, kasichana. Mikono miwili, ee!”

Loo! Hapo hasira zikampanda. Akaitua chupa mezani kwa kishindo.

“Bwana Pak, nina miaka arobaini na mmoja. Ile fomu niliandika uongo. Huyu mshenzi nimemzidi miaka minane. Na wewe una mingapi?”

Pak akakodoa macho. “Thelathini na tisa.”

Pak akasimama, akamvutia Awiti kiti chake mwenyewe pale kichwani pa meza. Akachukua chupa, akammiminia kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha. Kisha akamkabidhi Kiragu chupa, akamwonyesha glasi ya mwalimu. Kiragu akamimina, povu likamwagikia suruali yake. Meza ya jirani wote wakafyata mkia. Awiti alikunywa pole pole, akiona raha ambayo hakuwahi kuionja tangu aingie Nairobi.

Pak alingoja amalize. Alipoongea, alichagua maneno kwa heshima ile ile aliyofundishwa naye darasani.

“Mwalimu, samahani sana. Fomu ni uongo, barua siwezi kutia sahihi. Tafadhali, Jumatatu usije.”

Akainama tena, akamjazia glasi.