Kibao Chini ya Antena

Antena pekee iliyofanya kazi vizuri katika ofisi ile ya Gitega ni ile ambayo haikuwepo. Ilikaa ndani ya kompyuta ya Adventina, na ilikuwa na adabu kuliko wafanyakazi wote: ukiituma inakwenda, ukiisahihisha hainuni. Adventina alikuwa ameikata ardhi ya kubuni vipande vidogo vya milimita mbili mbili, mamilioni ya vipande, akakiambia kila kimoja wewe ni hewa, wewe ni udongo, wewe ni jiwe. Antena ikipiga wimbi, kila kipande kinapokea habari kwa jirani na kumpasha wa pili, kama kilima kizima kinavyopashana habari za harusi iliyovunjika. Mwishoni inatoka picha ya kile ambacho rada halisi ingekiona chini ya ardhi.

Rada halisi Adventina hakuwahi kuigusa. Mambo yalipangwa hivi: tarakimu ni za Adventina, kofia ngumu ni ya mkuu wake, Damiano. Damiano ndiye aliyeipokea rada siku ya hafla ya mfadhili kuikabidhi, akaipeleka Muyinga, akaiacha huko kwenye stoo ya mradi. Adventina alitumiwa mafaili.

Mafaili ya kwanza yalitoka Gashoho, kwenye shamba la mama yake mwenyewe. Mama huyo, Kasilda, alirudi kutoka ukimbizini Tanzania akakuta shamba la marehemu mumewe limeota kahawa ya Leonardi, ambaye aliapa kwamba pale hapakuwahi kuwa na nyumba ya mtu. Kasilda alisema msingi wa mawe uko chini ya kahawa hiyo hiyo. Bashingantahe, wazee wanaoamua ugomvi wa kilima, walikataa pachimbwe, kwa kuwa shamba lenye kesi haliguswi na jembe. Rada haichimbi, kwa hiyo waliikubali. Wangeamua Ijumaa.

Adventina alikuwa amemwonya Damiano mapema: kompyuta inasema udongo ule mwekundu ukilowa mvua unameza wimbi lote, tungoje kiangazi. Damiano hakungoja. Alikwenda na mvua, akarudi na ukuta. Picha ilionyesha mstari mnene, ulionyooka, kutoka mwanzo wa shamba hadi mwisho. Akaandika ripoti kwamba msingi umepatikana, akaipiga kashe, muhuri wa ofisi, mara mbili, kwa sababu ile ya kwanza haikukolea.

Kasilda alipiga simu akilia kwa furaha. Adventina naye alifurahi, kisha furaha ikamkwama. Baba yake alijenga vyumba viwili. Msingi huu ulikuwa mrefu kama soko la Gashoho. Tena ulianzia barabarani, kabla ya shamba, mashine ikiwa bado mikononi mwa wabebaji. Siku nne Adventina aligeuza ardhi yake ya kubuni, akatia mfinyanzi, akatia maji, akatia mizizi ya kahawa. Hakuna kilichofanana.

Jibu lilikuwa ukutani, juu ya birika la chai. Ilikuwa picha ya hafla: Damiano na mgeni rasmi wameinua rada, tumbo lake likitazama kamera, na tumboni pamefungwa kwa skrubu kibao cha chuma chenye jina la mradi, la mfadhili na la mgeni rasmi. Hakuna bomba, choo wala zizi la mbuzi wa msaada lisilo na kibao. Rada nayo ingekosaje? Juu kulikuwa na mshikio na nyaya, kwa hiyo fundi alikiweka penye nafasi. Adventina alikiongeza chini ya antena yake ya kubuni, na picha ikalingana mstari kwa mstari: popote ilipokwenda, rada ilikuwa inakiona kibao chake yenyewe. Msingi wote wa Gashoho ulikuwa shukrani kwa mfadhili.

"Donc unataka niandike nini?" Damiano aliuliza alipoelezwa. "Tuliona kibao yetu? Rapport iko na kashe, Adventina. Na mama yako iko anashinda. Mi sijaona mtu analia juu ya ushindi."

"Huo ushindi ni wa kibao, mkuu."

"Basi kibao iko inamusaidia. Voilà."

Hapo ndipo palipouma. Angenyamaza tu, mama yake angekuwa na shamba Ijumaa. Alitamani kunyamaza, alitamani sana, na hakulala vizuri kwa tamaa hiyo.

Ijumaa asubuhi alipitia stoo ya Muyinga. Mtunza stoo alimpa rada bila swali, maana fomu haikuwa na nafasi ya maswali. Alipofika Gashoho alimweleza mama yake kwanza. Kasilda alifunga upya kitambaa chake cha kichwani.

"Ukikitoa hicho kibao, itaona mawe ya baba yako?"

"Haitaona, mama. Udongo umelowa."

"Lakini yapo."

"Wewe unajua yapo. Mashine haijui."

"Basi baba yako asisemewe uongo," Kasilda alisema. "Kitoe."

Adventina alikifungua kwa bisibisi mbele ya wazee, akaeleza kosa lote, akaisukuma rada juu ya shamba. Kioo cha rada kilionyesha kile ambacho tarakimu zake zilisema tangu mwanzo, yaani hakuna kitu. Leonardi alicheka, akaomba kuchungulia mara ya pili ili acheke vizuri.

Mzee Simoni, aliyeongoza kikao, hakucheka. "Karatasi ilikuwa upande wenu," alimwambia Adventina. "Nani alikutuma uje kuiharibu?"

"Hakuna, mzee."

Wazee walinong'onezana. Kisha Simoni akasema kwamba mtu anayeivunja karatasi yake mwenyewe hana sababu ya kuwachezea, na kwamba jembe limeruhusiwa, mahali pamoja tu, atakapoonyesha Kasilda. Leonardi aliacha kucheka, akaanza kuihurumia kahawa.

Kasilda alihesabu hatua kumi na mbili kutoka njiani, akasimama. Shimo halijafika magotini, jembe liligonga jiwe. Kando yake kulikuwa na la pili, limepangwa sawasawa na la kwanza.

Damiano alifika watu wakiwa bado wamesimama, na kamera shingoni. Alitaka kibao kionekane kando ya mawe, kwani mradi umefaulu. "Mama, shika hapa, jina ionekane."

Kasilda alikipokea kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Akakilaza kwenye matope, akakikalia, akaendelea kufuta udongo kwenye jiwe la mumewe.